Ujerumani ya Chumba cha Nyuma

Fancy alikuwa amekwisha kuagwa, na kwa sababu hiyo hakuweza kutoka nje ya nyumba ya mama yake.

Aliagwa siku ya Jumapili, katika kanisa la Boito, mbele ya watu wote. Akina mama walimvika shingoni sinendet, mmea wa kijani ambao Wakipsigis humvika mtu wa kuheshimiwa, wakamnywesha mursik, maziwa yaliyogandishwa, kutoka kwenye kibuyu, na Mchungaji Isaiah akamwekea mikono kichwani akiiombea ndege, rubani na hata baridi ya Ulaya. Fancy alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja, kujitolea katika makao ya wazee. Viza ilikuwa haijatoka. Lakini ubalozi ulikuwa umemwita Nairobi, na Boito nzima iliamini kwamba aliyeitwa na ubalozi ni kama ameshapanda ndege. Isitoshe, Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa na mgeni mkubwa na nafasi isingepatikana.

"Mtu huagwa akiwa bado yuko," alisema mama yake, Rebeccah, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na ndiye aliyepanga ibada hiyo. "Akishapaa tutamwaga nani?"

Huko Nairobi, siku chache baadaye, afisa mmoja mwenye sauti ya upole alimwambia Fancy arudi nyumbani akasubiri, kwa kuwa maombi yake yalikuwa yakichunguzwa upya. Hakusema uchunguzi huo ungechukua muda gani. Fancy alimpigia mama yake mara nyingi, lakini stima ilikuwa imepotea Boito na simu ya Rebeccah ilikuwa imezima.

Alasiri hiyohiyo, katika kituo cha kupimia majani chai, wanawake walimzunguka Rebeccah kabla hajatua kikapu chake.

"Mama Fancy, mtoto alifika Ujerumani?"

Rebeccah hakuwa amesikia lolote. Alizitazama nyuso za wale waliofunga na kuomba kwa ajili ya binti yake, akaona aibu kusema hajui.

"Alifika salama," akajibu.

Wakapiga vigelegele. Karani aliacha kupima majani ili naye apige makofi. Na jioni, mvua ikinyesha, Fancy akaingia jikoni na begi lake, viatu vikiwa vimejaa matope ya njia ya mkato.

Rebeccah alikaa juu ya kigoda akasikiliza habari zote za ubalozi. Hatimaye akasema, "Kaa ndani kidogo tu. Itatoka wiki hii. Ukionekana, mimi nitasimama wapi mbele ya wale watu?"

Wiki hiyo ilipita, na nyingine zikaifuata. Fancy aliishi katika chumba cha nyuma, akitembea kwa soksi kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Alifungua barua pepe asubuhi kabla ya kunawa uso, akaifungua tena akinywa chai, kisha akaifungua baada ya kuapa kwamba hataifungua hadi adhuhuri. Alirudia maneno ya Kijerumani kwa kunong'ona: mkono, goti, mto, maji ya moto, unaumwa wapi. Alijua namna ya kumwomba mzee ruhusa ya kumgeuza ubavu, na hapakuwa na mzee.

Migomba miwili na ua wa waya ndivyo vilivyomtenga na shamba. Mvua zilikuwa nzuri mwaka huo, na chai iliota kwa kasi kuliko mikono ya mtu mmoja. Kupitia kwenye upenyo wa pazia Fancy alimwona mama yake na kikapu chake akisogea polepole mstari kwa mstari, na nyuma yake vichipukizi vikirefuka, vikikomaa, vikigeuka kuwa majani magumu ambayo karani angeyakataa. Vidole vyake viliwasha. Katika barua ya maombi alikuwa ameandika kwamba anataka kuwa mtu wa manufaa kwa wengine, na aliamini kila neno la barua ile. Sasa hakuweza hata kumchotea mama yake maji.

Maxine, rafiki yake tangu kidato cha kwanza, alimtumia ujumbe karibu kila siku. *Nitumie picha ya theluji. Wazungu wanakula nini? Mbona umenyamaza hivyo, ama ushakuwa wa huko?* Mara moja tu Fancy alijibu: *Niko salama.* Alipoutuma aliizima simu na kuisukuma chini ya godoro.

Siku ya Alhamisi, chakula cha mchana kikiwa kimeondolewa mezani, mlango wa mbele uligongwa.

"Hodi hapa! Mama Fancy, najua uko, gumbuti zako ziko nje."

Ilikuwa sauti ya Celine, mama yake Maxine. Alikuwa karani katika ofisi ya kiwanda cha chai. Yeye na mumewe walitoka upande wa ziwani miaka mingi iliyopita, na katika kwaya hakuna aliyeimba sauti ya juu kama yeye. Fancy alijirusha kitandani, akavuta blanketi, kisha akajiona mjinga na kukaa wima. Kati yake na sebule palikuwa na mlango wa mbao usiofungika vizuri.

"Karibu, Mama Maxine. Keti. Chai?"

"Chai baadaye. Nimekuja na kichwa kinauma. Huyu mtoto wangu ataniua. Chuo cha uuguzi kimemwita, anatakiwa kuripoti kesho asubuhi. Sanduku nimefunga mimi mwenyewe. Leo ananiambia haendi! Ati anangoja njia ya Fancy. Ati Fancy amefika Ujerumani haraka hivi, yeye atakaa darasani miaka mitatu akifanya nini?"

"Hao watoto," alisema Rebeccah.

"Kesho asiporipoti, nafasi inapewa mtu mwingine. Kwa hivyo nimesema, wacha niende kwa mwenye mtoto. Mpigie Fancy hapa, niongee na yeye. Nimuulize kama hiyo njia ni ya kweli."

Fancy alisikia kijiko kikigonga kikombe ambacho hakikuwa na chai.

"Saa hii huko ni usiku. Amelala."

"Usiku gani! Maxine amenionyesha kwa simu. Tumewaacha saa moja au mbili hivi. Huko ni mchana kweupe."

"Basi yuko kazini. Anaosha wazee."

"Anaosha wazee saa ya kula?" Celine alicheka. "Wewe Mama Fancy, hao Wajerumani wanaoga saa ngapi? Haya, sawa. Kama hatuwezi kumpata, niambie wewe. Wewe ndiye umeona mwisho wa hii njia. Maxine aache chuo, ama asiache? Ukisema aache, nitafungua lile sanduku nitoe nguo."

Fancy alikuwa ameshasimama. Alingoja. Alitaka mama yake aseme maneno mawili tu, *aende chuo*, na yeye angerudi kitandani na kuendelea kutembea kwa soksi hadi ubalozi ukumbuke kwamba yupo. Alilitaka hilo kwa nguvu kiasi cha kujiuma mdomo.

"Mimi siwezi kumzuia mtoto wa mtu," alisema Rebeccah polepole. "Kama moyo wake umeshaenda huko... Fancy naye si amefika?"

Fancy akaufungua mlango.

Celine alimtazama kutoka nywele zilizovurugika hadi kwenye soksi. Akamtazama Rebeccah. Akamtazama Fancy tena.

"Yawa! Ndege ilirudi?"

"Haikuruka, Mama Maxine. Sijaenda."

"Hujaenda wapi?"

"Popote. Nimekuwa hapa ndani."

Celine alianza kucheka, kicheko kile cha kanisani kinachofanya mabega yatetemeke, kisha kikakatika ghafla. "Na mimi nimefunga! Kila Jumatano sili, namwomba Mungu hiyo baridi isikuue. Mama Fancy, umenishindisha njaa kwa ajili ya mtu anayelala na blanketi mbili Boito?"

Rebeccah alijifunika uso kwa leso. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo. "Waliniuliza mbele ya watu wote, Mama Maxine. Kabla sijajua."

"Mwambie Maxine aripoti kesho," alisema Fancy. "Mimi sijui kama nitapata viza. Bado nataka kwenda, sana, lakini sijui. Asiache chuo chake kwa ajili ya kitu ambacho mimi mwenyewe sina."

"Mimi nimwambie? Ataniamini? Atasema nimetunga ili aende." Celine alikuwa ameshasimama na kushika mkoba wake. "Nyathina, mtoto wangu, vaa viatu. Utamwambia mwenyewe, akuone na macho."

Njia ya kwenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda ilipita mbele ya kituo cha majani, na hiyo ilikuwa saa ya kupima.

"Ngojeni hata giza liingie," alisema Rebeccah. "Nawaomba."

"Giza likiingia atakuwa ameshakipigia chuo simu kwamba haendi," alisema Celine. "Na huo mdomo wake unaujua."

Fancy alivaa viatu vyake vya safari. Jua la nje lilimwumiza macho, na harufu ya majani mabichi ikampanda kichwani. Alikuwa amefika langoni aliposikia gumbuti zikikimbia nyuma yake. Rebeccah, kitambaa cha kichwani kikiwa kimefungwa upande, aliwapita bila kumtazama yeyote, akashika njia mbele yao kama mtu anayechelewa.

Kituoni, mazungumzo yalianza kufa kutoka upande wa barabara kuelekea ndani. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Karani, kijana aliyeitwa Kipchirchir, aliacha gunia likining'inia kwenye mzani.

"Nilisema alifika," Rebeccah alisema, kwa sauti ile anayosomea matangazo kanisani. "Hakufika. Hajaenda. Nilidanganya mimi, si yeye."

"Sasa tulimwombea nani?" mtu akauliza kutoka nyuma, na kicheko kikalipuka. Kipchirchir akaita, "Mjerumani! Karibu tena Kenya!"

Fancy alisikia mama yake akianza kujibu, akasikia sauti nyingine zikipanda juu ya sauti hiyo. Hakusimama. Paa za bati za nyumba za wafanyakazi zilionekana ng'ambo ya bonde, na Celine, kwa mwili wake mzito, alikuwa ameanza kuhema.

"Pole pole, mtoto!"

"Samahani, Mama Maxine," Fancy alisema, na tayari alikuwa akikimbia kuteremka.