Mushkato wa Kuibiwa

Sikuuona mkasi. Ulikuwa umewekwa dirishani kwa jirani, mdomo wazi, ukigusa chungu cha ua la mushkato, nami niliyezoea kusoma hati za kale zilizofifia wino niliupita kama sina macho.

Ilikuwa Machi. Nilikuwa nimetoka Sofia, ninakofundisha chuo kikuu, kwenda nyumbani Tryavna kumsaidia mama kazi za majira ya kuchipua: kupogoa mizabibu, kufukua waridi zilizofunikwa udongo zisigande, kupandisha vyungu vilivyolala ghalani chini ya nyumba muda wote wa baridi. Mama alikuwa amevunjika nyonga, hivyo alinisimamia kutoka kitandani, kwa sauti.

Niliposhuka ghalani niliukuta mushkato wake umekuwa mweusi na laini kama uji. Kidirisha kilikuwa wazi, na baridi kali ilikuwa imeingia ikaugandisha. Nilikifungua mwenyewe wakati wa Krismasi, harufu ya kabichi iliyochachushwa pipani iliponishinda, nikasahau kukifunga. Ua lile jekundu mama alitoka nalo kwa mama yake, na tangu aolewe halikukosekana dirishani hata kiangazi kimoja. Nilikuwa nimemletea zawadi, okidi ya dukani yenye utepe. Aliitazama, akasema, "Nzuri. Iweke pale," kisha akageukia ukuta.

Nikaenda kwa jirani, Dobrina, mwenye mushkato wa aina ileile.

"Shangazi, naomba kipandikizi kimoja tu. Nitakushukuru maisha yangu yote."

"Nyamaza! Mmea haushukuriwi, hautashika."

"Basi nitaununua."

"Makubwa! Huko chuo kikuu mnafundishana nini? Sikupi, na siuzi." Akajifuta mikono kwenye aproni, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Mimi naenda kulisha kuku. Kuku wangu wana maringo, hawali upesi. Na mbwa nimemfunga."

"Haya, shangazi," nikajibu, nikarudi nyumbani nikiwaza jinsi uzee unavyoweza kumfanya mtu awe mchoyo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kasema kuku hawali upesi?"

"Ndiyo."

"Na mbwa kafungwa?"

"Kafungwa."

Akacheka hadi akashika nyonga. "Jamani, mtoto wangu mwenye digrii tatu! Kakwambia uibe. Mushkato wa kupewa hunyauka, unaoshika ni wa kuibiwa. Wa kwake unadhani ulitoka wapi? Aliniibia mwaka tuliohamia hapa, mimi nimegeuka nahesabu mpaka mia. Mzito yule, nikahesabu mara mbili! Hebu kimbia, kuku hawajashiba."

Nilikimbia. Dobrina alikuwa bado kwenye banda, amelipa dirisha mgongo. Hapo ndipo nilipouona mkasi. Nilikata vipandikizi vitatu harakaharaka, kana kwamba ningeweza kweli kushtakiwa. Mkasi ukaniponyoka, ukaanguka juu ya mawe.

"Kuleni, wanangu, kuleni," Dobrina akawaambia kuku bila kugeuka. "Wezi wa siku hizi wana kishindo kama trekta."

Shukrani ilinifika kwenye ncha ya ulimi. Niliimeza.

Viwili vilioza. Cha tatu kilitoa mizizi wiki ya Pasaka, na mama akaniamuru nikipande mbele yake, nikimwaga udongo juu ya shuka bila yeye kujali. Kila asubuhi alikigusa jani, kisha akanusa vidole. Alikiona kikichanua viangazi viwili.

Tangu alipofariki, kila Machi sifundishi. Nahamia Tryavna hadi waridi zote zifukuliwe, na jioni nala kwa Dobrina.