Sauti Nje, Kitabu Ndani

Mwaka wa hamsini na sita sisi vijana wa Tanga tulipewa maktaba ili tuache kukaa vibarazani. Kamati iliyotupa haikuwa na kijana hata mmoja. Ilikuwa na wazee saba, na kila mzee alipendekeza kitabu ambacho yeye mwenyewe hakukisoma wala hakuwa na nia ya kukisoma, ila aliona kitatufaa sana sisi. Orodha ikapigwa chapa, ikatiwa kioo, ikatundikwa mlangoni: "Vitabu Vinavyopendekezwa kwa Vijana." Cha kwanza, Kuku na Faida Zake. Cha pili, Kina cha Shimo la Choo. Cha tatu, Kijana Mtiifu, habari za kijana aliyetii kwa kurasa tisini mpaka akawa tarishi.

Chini ya orodha ile ziliandikwa shughuli za wiki. Jumatatu, mchezo wa dama. Jumanne, mhadhara wa afya. Jumatano, mdahalo. Alhamisi, wasichana. Na chini kabisa, kwa herufi nene: KIMYA. Bwana Rafaeli, Mbondei wa Muheza aliyewekwa kuitunza nyumba ile, aliishika amri hiyo kuliko zile kumi alizofundishwa misheni. Mdahalo wa Jumatano tuliufanya kwa vikaratasi. Mtu anaandika hoja yake, anampelekea mpinzani upande wa pili wa meza, mpinzani anasoma, anakasirika kimya kimya, anajibu. Hoja ya kwanza, kama inafaa kijana aoe mapema au angoje, ilichukua miezi miwili, na aliyetetea kungoja alioa kabla haijaisha.

Mimi nilikwenda kuomba saa moja tu kwa wiki, ya mashairi.

"Yatasomwa kwa sauti?" Bwana Rafaeli akaniuliza.

"Sasa yasomwe kwa nini, Bwana Rafaeli? Kwa harufu?"

"Andika kikaratasi, Massoud. Nitakifikisha kwenye kamati."

Kikaratasi kile kiko njiani mpaka leo. Lakini sikukaa kuandika habari zangu. Nataka kusimulia habari za mdogo wangu, Wanu, na kitabu chake.

Wanu alikuwa na miaka kumi na minne, amemaliza darasa la nne, na anasoma kama mtu anayekula baada ya kufunga. Alhamisi moja, nyuma ya kitabu cha kupe wa ng'ombe, aliokota kitabu ambacho hakikuwamo katika orodha. Kiliitwa Bangili ya Sonara. Nadhani kiliingia na kasha kwa bahati mbaya, maana hakuna mzee wa kamati ambaye angekipendekeza: hakikuwa na kuku. Kilikuwa na sonara maskini aliyetiwa kifungoni kwa ajili ya bangili ya bibi arusi iliyopotea, na binti yake aliyepita nyumba kwa nyumba akimtafuta mwizi. Wanu alisoma kurasa nne amesimama, akasahau kukaa.

Wakati ule msichana wa umri wake hakwenda mahali peke yake. Aliyemsindikiza ni bibi yetu, Bi Kazija, mzaliwa wa Pemba, ambaye alihamia Tanga kwa miguu yake lakini ulimi wake aliuacha kwao. Alisoma Kurani, alisoma na barua za Kiarabu, ila herufi za kizungu hazikumwingia. Mlangoni alikutana na ndoo ya maji, sabuni, na Bwana Rafaeli.

"Shikamoo, Bi Kazija. Kunawa mikono ni sharti, mama. Vitabu visichafuke."

"Marahaba, mwanangu. Mie nimetawadha tangu adhuhuri. Nitawadhe tena kwa ajili ya kuku?"

Alinawa hivyo hivyo, kwa ajili ya mjukuu wake. Akakaa, akamtazama Wanu anavyosoma. Wanu akafunua ukurasa. Akatabasamu. Akafunua mwingine, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Wacheka nini?"

"Kitabu, Bibi."

"Chasemaje?"

"Sssss," akasema Bwana Rafaeli.

Bi Kazija akamgeukia, akamweleza kwa sauti ambayo huenda ilifika Raskazone, kule mwisho wa mji. "Mwanangu Rafaeli, mwanamwali asomaye kimya huku acheka, huyo asoma barua ya mwanamume. Nimezaa saba, hilo nalijua. Ama asome nami nisikie, ama tutoke twende zetu na asirudi tena."

Bwana Rafaeli alikimbilia orodha, akaleta kile cha wasichana, Mama Mwerevu. Akamruhusu Wanu asome mstari mmoja kwa kunong'ona, ili bibi atulie. Wanu akanong'ona: "Mama mwerevu humwosha mtoto wake kila siku."

"Kila siku!" Bi Kazija akapiga makofi. "Na huyo aliyeandika alidhani watoto wetu twawatia chumvi tukawaanika, kama ng'onda? Kirudishe. Nataka kile cha kucheka."

Hapo ndipo penye mtego. Ndani ya maktaba hairuhusiwi sauti. Nje ya maktaba hakiruhusiwi kitabu, kwa kuwa kamati ilikata shauri kwamba vitabu visitoke hata kimoja mpaka vijana wathibitishe uaminifu wao, wala haikusema wathibitishe vipi. Wanu alikishika kitabu kifuani, macho yamejaa maji. Bwana Rafaeli alikuwa mtu mwema, jambo ambalo lilimsumbua sana kazini. Alizunguka meza mara tatu. Kisha akachukua chaki, akaenda kwenye dirisha kubwa la upande wa barabara, akachora mstari katikati ya kizingiti chake kipana.

"Huku ni maktaba," akasema akigonga upande wa ndani. "Kule si maktaba. Kitabu kitakaa huku. Msomaji atasimama kule. Sauti itakuwa kule pamoja naye."

"Na sauti ikiingia ndani?" nikamuuliza kutoka mlangoni, maana siku ya wasichana sikuruhusiwa kuingia.

"Ikiingia ni kelele za barabarani, Massoud. Kelele za barabarani hazimo katika mamlaka yangu."

Basi Alhamisi zote zilizofuata ikawa hivyo. Wanu alipanda juu ya kasha la sabuni lililo nje, akainamia kizingiti, akasoma kitabu kilicho ndani. Bi Kazija alitandika mkeka chini ya dirisha. Wiki ya pili walikuwapo wasichana sita na mama zao. Wiki ya tatu alisimama muuza kahawa, akatua dele lake la kahawa, akasahau kugonga vikombe. Wiki ya tano sikuweza kupata pa kukaa. Wamakonde wa mashamba ya mkonge waliokuja mjini kununua vitu, wavuvi wa Tongoni waliokwisha kuuza samaki, wote walijua sasa kwamba binti sonara amefika nyumba ya saba, na kila mmoja alikuwa na mtu anayemshuku. Bi Kazija alimshuku kadhi aliyemtia sonara kifungoni.

"Macho yake nayajua," alisema.

"Bibi, kitabu hakikutaja macho yake."

"Ndiyo maana!"

Ndani alibaki Eliudi. Siku ya wasichana yeye aliruhusiwa, kwa kuwa alikuwa kijana wa mfano: alikwisha kusoma Kuku na Faida Zake mara nne, na kwao hawafugi hata kanga. Bwana Rafaeli alimwandika katika daftari kila Alhamisi. Waliohudhuria: mmoja. Sisi wa nje hatukunawa, kwa hiyo hatukuhudhuria.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Jumamosi Bi Kazija na Wanu walikuwa wapande meli kwenda Pemba kwa msimu wa karafuu, na huko Wanu angewekwa ndani, kama ilivyo desturi kwa wasichana wa rika lake. Huko hakuna maktaba, wala dirisha la barabarani. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja. Tangu asubuhi Wanu hakutia kitu kinywani.

"Nisipomaliza leo, kaka," aliniambia, "nitakufa sijui."

Alisoma mbio, na watu walikuwa kimya kuliko kimya chochote kilichowahi kupatikana ndani ya maktaba ile. Kadhi amekaa barazani. Sonara ameletwa na minyororo. Binti yake ameshika kitambaa alichokifukua mchangani, na kadhi anamwamuru akifungue mbele ya watu wote. Zimebaki kurasa nne. Mara gari likasimama upande wa mlangoni, akashuka Bwana Mkaguzi wa maktaba.

Yaliyotokea ndani niliambiwa na Eliudi, na mengine niliyaona kwa macho yangu kupitia kioo cha dirisha.

Bwana Mkaguzi alinawa mikono, akasifu sabuni. Akatazama viti ishirini na Eliudi. Akatazama dirishani.

"Kuna watu wengi huko nje. Wanafanya nini?"

"Wapita njia, Bwana," akasema Rafaeli.

"Wapita njia wamekaa chini?"

"Wamechoka, Bwana."

"Hawa ndio wanaofukuza vijana wasije kusoma. Funga dirisha."

Rafaeli akafunga. Nilimwona uso wake katikati ya vioo viwili, kama mtu anayefunika maiti ya jamaa yake. Kitabu kikabaki upande wake, Wanu akabaki upande wetu, mdomo wazi katikati ya sentensi. Bi Kazija aliinuka, akagonga kioo kwa pete yake. Watu wakaanza kunung'unika. Wanu hakulia. Aliweka viganja vyake viwili kwenye kioo, akamtazama Bwana Rafaeli tu.

Bwana Mkaguzi akakaa mezani aandike. "Njoo usimame hapa nikuulize maswali," akasema.

"Nitajibu nikiwa hapa, Bwana. Hapa naona vitabu vyote."

Akasimama wima, mgongo wake umeelekea dirishani, mikono nyuma, kama askari. Na katika mikono ile, Bangili ya Sonara, imefunuliwa, imebanwa kwenye kioo, maandishi yakitutazama sisi.

Wanu akaruka hapo hapo juu ya kasha lake, akaendelea kusoma.

"Kitabu gani kinapendwa zaidi na vijana?" akauliza Mkaguzi.

"Kuku, Bwana."

Wanu akagonga kioo mara moja. Kidole gumba cha Rafaeli kikatafuta pembe ya ukurasa, kikaufunua. Zikafunuka mbili. Wanu akagonga kwa hasira mara tatu, watu wakapiga kelele "Rudisha! Rudisha!" na kidole kikarudi nyuma polepole mpaka kikapata mahali pake.

"Nao wamejifunza nini kwa kuku?"

"Utulivu, Bwana."

Ukurasa wa mwisho. Binti sonara akafungua kitambaa. Ndani yake mna bangili, na kitambaa chenyewe ni pembe iliyochanwa katika leso ya bibi arusi. Ni bibi arusi mwenyewe aliyeificha, kwa kuwa hakumtaka yule bwana aliyechaguliwa, akatumaini arusi itavunjika. Barabara nzima ililipuka. Muuza kahawa aliliangusha dele. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakabishana kama afungwe au apewe talaka kabla ya kuolewa, na Bi Kazija akamtazama mjukuu wake, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kelele gani hizo?" akauliza Mkaguzi.

"Wapita njia, Bwana," akasema Rafaeli, na Eliudi anaapa kwamba sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa jino. Rafaeli kishindo alikisikia. Maneno yalikomea kwenye kioo.

Bwana Mkaguzi aliandika katika kitabu cha wageni maneno ambayo wote tuliyasoma baadaye: "Maktaba ni tulivu sana. Mtunzaji ana nidhamu ya kijeshi. Vijana: mmoja. Napendekeza nakala ishirini zaidi za Kuku na Faida Zake." Akanawa tena, akaondoka.

Gari lilipopinda, mlango ukafunguliwa. Bwana Rafaeli alitoka bila kofia, kitabu bado mkononi, akaupita mstari wake wa dirishani bila kuutazama, akaja mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Bi Kazija," akasema, "sikusikia. Ni nani aliyeiba?"

"Si kitabu unacho mkononi, mwanangu? Soma."

"Peke yangu, mama? Kimya kimya?" Akatikisa kichwa. "Hakiwi kitabu."

Wanu aliinua mkono akipokee, kurasa zile nne azisome upya. Bi Kazija akamzuia. Akamtazama mtunza maktaba kutoka kichwani mpaka viatuni, akasogea kumpa nafasi, akaashiria ndoo iliyo mlangoni.

"Kanawe mikono kwanza," akamwambia. "Kisha uje ukae."