Mzazi Hana Kauli

Tangu alipoanza kuinuka kutoka katika sijda kwa kushika ukuta, Bi Kuruthumu alikuwa na ombi moja tu kwa Mola wake: asifike siku ya kuswalia kitini. Miguu ilikuwa imemwisha nguvu, na nyama za mapaja zilikuwa zimesinyaa.

Muuguzi wa zahanati alimpima, akamhoji kuhusu chakula, kisha akamgeukia Adila, mke wa mwanawe.

“Wali anakula wa kutosha. Protini ndiyo haba. Kila mlo apate kitoweo kiasi cha kiganja chake: samaki, yai, maharage au choroko. Na si kula rundo leo, kesho mkamwachia mchuzi mtupu.”

Adila akaongeza samaki. Nguru akawa hakosekani jikoni, lakini miguu ya mkwewe haikupata nafuu.

Bi Kuruthumu alijua sababu. Katika nyumba yao ya Dunda wanawake na watoto walikula sinia moja, na mkono wa aliye mkubwa ndio uliochambua samaki na kumsogezea kila mtu fungu lake. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake. Kadiri samaki walivyoongezeka, ndivyo mafungu ya wajukuu, Lulu na Feisal, yalivyonenepa. Yeye alitowelea mchuzi, akawatazama wakitafuna, akajiona ameshiba.

Mchana mmoja Adila alimwekea sahani yake peke yake.

“Hii nini?”

“Chakula chako, mama.”

“Mnanitenga? Nina upele?”

“Hasha, mama!”

“Basi mimina siniani. Sahani ya peke yake ni ya mgeni.”

Nguru akamiminwa, na kabla ya kufumba na kufumbua alikwisha fika mbele ya Feisal.

Kesho yake Adila aliandaa pweza wa nazi, akaketi goti kwa goti na mkwewe, akafinyanga tonge na kulijaza pweza.

“Mama, nilipokuwa mzazi, nimetoka kumzaa Lulu, ulinilea siku zangu zote arobaini, ukinilisha kwa mkono wako. Nikisema nimeshiba, ulikuwa ukinijibuje?”

“Kwamba mzazi hana kauli. Hula anachopewa.”

“Basi leo mzazi ni wewe.”

“Mimi? Nimezaa nini, we mtoto?”

“Umemzaa baba yake Lulu.”

“Mwanangu Mtoro? Mtoro ana mvi!”

“Ndiyo nasema, arobaini yako imechelewa kwisha.”

Lulu akaangua kicheko. Bi Kuruthumu alikunja uso ili amkemee, uso ukamsaliti. Akacheka hata mtandio ukamteleza. Tonge lilikuwa limekwisha mfika mdomoni. Wazazi wangapi aliwalea, bila kumruhusu hata mmoja kulirudisha tonge? Akafumbua kinywa. Pweza alikuwa laini, amekolea nazi na ndimu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitambua kwamba alikuwa na njaa.

Alipokuwa akitafuna, jicho lake likauona upande wa kushoto wa sinia, pale Adila alipokuwa akilisukuma fungu lake mwenyewe taratibu kuelekea kwa Feisal.

“Unafanya nini hapo?”

“Mtoto, mama… anakua.”

“Mtoto ana lake, na mashavu yanamshuhudia. Rudisha.”

“Mimi nimeshiba.”

“Kwa kumtazama? Shibe hiyo naijua, mwanangu, imenikausha mapaja. Wewe ukianguka, nani atanilisha mimi?”

Adila akainamisha macho, akatabasamu kama aliyefumaniwa.

“Bibi,” Feisal akauliza, “sasa nani anamlisha nani?”

“Kula, usihesabu midomo ya watu.”

Bi Kuruthumu akavuta sinia karibu. Akapima pweza kwa kiganja chake, akaweka fungu mbele ya Adila. Akapima tena, akasita kidogo, mkono ukitaka kwenda kulekule ulikozoea. Kisha akaliweka fungu la pili mbele yake mwenyewe.

“Haya,” akawaambia wajukuu, “leteni vidole siniani, tule.”