Doa la Chini ya Cherehani

Wapangaji walimpa mwenye nyumba wao jina la Mama Viatu Nje, maana hakuna aliyewahi kufunguliwa mlango naye bila kuambiwa maneno hayo kwanza. Nyumba yake ilikuwa na zulia lililotandazwa ukuta hadi ukuta, na zulia lile alilidekeza kama kitinda mimba. Masharti yake yalikuwa mafupi: hakuna kuvuta sigara, hakuna kufuga, hakuna kufanyia biashara ndani. Anayehama alisafishe zulia, ndipo arudishiwe amana yake.

Mpangaji mmoja, fundi cherehani, aliitikia yote, kisha akaficha cherehani nyuma ya pazia la chumbani na kushonea watu nguo humo kwa miaka. Angefanyaje? Mumewe alifanya kazi mbali, alichotuma kilikuwa cha kuungaunga, na nyumbani kulikuwa na baba mkwe wa kutunzwa. Ingawa, kusema kweli, haikujulikana vizuri nani alikuwa akimtunza mwenzake. Mzee yule alikuwa mtanashati. Alifua mwenyewe, akapiga pasi mwenyewe mpaka suruali ikasimama mstari, na hata akienda kwa kinyozi kucheza drafti tu alijipulizia manukato.

Walipokaribia kuhama wakaita msafisha mazulia. Mashine yake ilinguruma kutwa, ikafyonza maji meusi mpaka wote wawili wakaona aibu kwamba ndiyo waliyokuwa wakiyakanyaga. Zulia likatakata. Ila lilipokauka, pale palipokaa cherehani, doa la manjano likapanda tena juu, pana kama sinia.

"Mafuta ya mashine haya," msafishaji alisema. "Yameshazama. Nikiosha tena, yatapanda tena. Hapa pakatwe, patiwe kipande kingine."

Kesho yake Mama Viatu Nje akaja kukagua. Alipita peku chumba kwa chumba, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika pale akainama.

"Na hili je?"

Ukweli ungeitoa cherehani nyuma ya pazia, na ile amana ndiyo iliyotegemewa kulipia nyumba mpya. Fundi akatupa jicho sebuleni, ambako mzee alikuwa akifunga furushi kwa kamba, akashusha sauti.

"Mama, ni mzee wetu. Si unajua tena mambo ya utu uzima. Saa nyingine inamtoka kabla hajafika chooni."

Sauti haikushuka vya kutosha. Kule sebuleni kamba ikaacha kukwaruza, na mzee akaja kusimama mlangoni.  Fundi akangoja aumbuliwe.

"Ni kweli, mama," mzee alisema, macho sakafuni. "Ni mimi. Utuwie radhi."

Mama Viatu Nje akashika kifua. "Jamani, baba! Hata marehemu baba yangu alipitia hayo." Akarudisha amana yote, bila kukata hata senti.

Kwenye gari la mizigo fundi alikusanya maneno, lakini mzee akamuuliza kama godoro limefungwa vizuri. Akajibu ndiyo. Nitamwambia kesho, akawaza. Kesho nayo ikawa na kesho yake.

Nyumba mpya haikuwa mbali, kwa hiyo mzee aliendelea kwenda kwenye drafti yake. Ila akaanza kurudi mapema. "Leo hamkucheza, baba?" "Mgongo," alijibu, akaingia chumbani.

Siku moja fundi alitoka kununua uzi, akapita mbele ya kinyozi. Viti vyote vilikuwa vya mbao tupu, isipokuwa cha mzee. Chake kilitandikwa nailoni, na juu yake kitambaa safi, ili nailoni isionekane. Ilionekana. Kila mzee alipojinyoosha kusogeza kete, ilichakarika, na wachezaji wenzake wakajifanya hawasikii. Hakuna aliyecheka. Mama Viatu Nje alikuwa amemnong'oneza kinyozi kwa nia njema kabisa, amtunzie mzee wa watu heshima.

Fundi aliingia hata kabla ya kujua atasema nini.

"Samahanini. Baba hana ugonjwa wowote. Doa lile lilikuwa mafuta ya cherehani yangu. Nilimsingizia ili nirudishiwe pesa."

Mkasi wa kinyozi ukasimama hewani. Mzee hakuinua uso kwenye drafti.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Nisubiri nje."

Alitoka baada ya kumaliza mchezo wake, wakaondoka, yeye mbele, fundi nyuma kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Hatimaye akasimama.

"Tunakula meza moja kila siku. Iweje kinyozi na wateja wake waambiwe kabla yangu?"

"Niliona haya, baba."

"Siku ile nilipoitikia, nilijua jioni utakuja kuniambia. Nikangoja." Akajifuta uso kwa leso. "Nikangoja na siku iliyofuata."



Fundi alimpelekea Mama Viatu Nje gharama ya kipande cha zulia, akamweleza ukweli wote. Mama yule alizihesabu noti, akaguna. "Pesa nimepokea. Lakini mimi nimekuwa nikimwombea mzee wa watu kwa ugonjwa asio nao. Hilo nalo nikudai nini?"

Mzee hakurudi tena kwa kinyozi yule, ingawa aliitwa mara kadhaa na nailoni ilishatupwa. Alijitafutia kijiwe kingine, mbali zaidi, ambako hakuna aliyemjua. Nyumbani aliongea kwa adabu, kama mgeni: tafadhali, asante, usiku mwema; lile neno mwanangu alilozoea kumwita fundi likapotea.

Mara ya kwanza alipomwita tena mwanangu, ilikuwa mezani, kumwambia chai haina sukari. Fundi alikwenda jikoni kuileta, akasimama huko kitambo, mkono juu ya kopo, mpaka alipoweza kurudi.