Tabaka Nne Zisizopimwa

Yasinta aliuona ufa ule saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Ulianzia karibu na rundo la kokoto, ukafuata ukingo wa tuta la udongo uliojazwa hatua kama arobaini, mwembamba, kama mtu kapita na kisu. Akachuchumaa, akavuta futi yake ya chuma na kuitumbukiza. Ikashuka sentimita thelathini, hamsini, themanini, na bado haikugusa kitu.

Akainuka polepole, akiogopa hata uzito wa mwili wake.

Chini ya tuta, karibu mno, Evarista alikuwa akianika nguo mbele ya nyumba yake. Nyuma yake watoto wawili walicheza kwenye dimbwi. Upande wa pili palikuwa na zizi la mzee Gerson, baba mkwe wa Evarista, limeegemea kabisa mguu wa tuta. Familia hiyo ilikuwa pale Ihumwa miaka mingi kabla kampuni haijaja kusawazisha mteremko ule ili ujengwe uwanja wa maghala.

Kazi ya Yasinta ilikuwa moja tu. Udongo ukimwagwa, ukatandazwa na greda, ukamwagiwa maji na kushindiliwa, yeye hupima kama umeshikamana. Ukifaulu, anatia saini kwenye fomu, ndipo tabaka nyingine inamwagwa juu yake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumwita mzembe.

Lakini mwezi wa kumi na moja mama yake aliugua huko Kolo, akaenda kumuuguza kwa wiki moja. Aliporudi alikuta tuta limepanda. Stanley, msimamizi wa mkandarasi, alimwekea fomu mezani na chai ya moto pembeni.

"Tabaka nne tu, dada Yasinta. Zimeshafunikwa. Tukianza kuzifukua, tutafika mwezi wa tatu."

Alikuwa amechoka na safari, mawazo yote yako kwa mama. Akatia saini mara nne. Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa mtaa, akasimama mbele ya wakazi akawaambia tuta limepimwa lote, wasiwe na wasiwasi. Tangu siku hiyo kila wingu lililojikusanya upande wa mashariki lilimtoa nje kulitazama tuta.

Sasa akachomeka vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akapima nafasi iliyopo katikati. Alipogeuka alimkuta Joel, dereva wa greda, amesimama nyuma yake kofia mkononi.

"Umeuona," Joel alisema.

"Tangu lini wewe unaujua?"

"Jana jioni. Ulikuwa mdogo." Akatazama upande wa ofisi, akashusha sauti. "Dada, hapa chini palikuwa na korongo. Ile wiki uliyosafiri tulilijaza kwa udongo mweusi, visiki na majani humohumo. Mashine ya kushindilia ilikuwa imepelekwa Zuzu kwenye kazi nyingine. Hatukushindilia kitu. Tuliweka changarawe juu, basi."

Udongo mweusi Yasinta aliujua. Ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. Na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Alimkuta Stanley ofisini, ndani ya kontena, akijaza daftari la mafuta. Akamweleza. Stanley alisikiliza bila kumkatiza, kisha akaweka kalamu chini.

"Huo ni ufa wa juu tu. Udongo ukikauka hupasuka."

"Umekauka kwa jua gani, Stanley? Leo ni siku ya nne hatujaliona."

Stanley hakupandisha sauti. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

"Sikiliza, dada yangu. Mimi jina langu haliko kwenye zile fomu. Ukisimamisha kazi leo, mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe. Una watoto shuleni. Subiri mvua ikatike, tutaliongezea tuta mawe kule chini, na hakuna atakayejua."

Alitoka nje. Akampigia simu mhandisi mkuu wake aliyekuwa mjini. Mhandisi akajibu kwa haraka kwamba yuko kikaoni, atafika Jumatatu, apige picha. Akapiga picha.

Saa saba akarudi kwenye vigingi. Asubuhi vilikuwa vimeachana sentimita kumi na mbili. Sasa ilikuwa kumi na saba. Akapima tena, akitumaini macho yamemdanganya. Kumi na saba. Na pale kwenye mguu wa tuta, karibu na zizi, maji ya rangi ya kahawa yalikuwa yameanza kutoka taratibu, kama jasho.

Hapo kitu ndani yake kikaacha kubishana. Aliandika amri ya kusimamisha kazi, akamwambia Joel ashushe mashine zote na watu wote kutoka juu. Kisha akateremka kwenda kwa Evarista, huku wingu zito likija kutoka upande wa reli.

"Mbukwa," Evarista alimsalimu, akitabasamu. "Karibu, dada. Kiti hiki hapa."

"Sikai. Evarista, chukua watoto mtoke hapa sasa hivi. Nendeni shuleni, kule juu. Tuta linaweza kushuka."

Tabasamu likaondoka. "Tuta gani? Si wewe uliyetuambia mkutanoni kwamba limepimwa?"

Yasinta angeweza kusema mvua imezidi. Angeweza kusema mambo ya Mungu. Maneno hayo yalikuwa yameshafika ulimini.

"Sikulipima," alisema. "Niliandika tu kwamba nimelipima. Chini yake pameoza."

Evarista alimtazama. Aliingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akaita majirani wa nyumba mbili za pembeni kwa Kigogo, kwa sauti ambayo Yasinta hakuhitaji kutafsiriwa. Watu wakaanza kutoka, wengine na magodoro, wengine na masufuria.

"Baba yuko zizini," Evarista alisema. "Hatatoka bila ng'ombe."

Matone ya kwanza yalianguka, makubwa na baridi. Yasinta akakimbilia zizini. Mzee Gerson alikuwa akifungua magogo ya mlango, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Shikamoo, babu. Tuondoke."

"Marahaba. Shika gogo hilo."

"Babu, waache."

"Ng'ombe hawaachwi. Shika gogo."

Akalishika, maana hakukuwa na muda wa kubishana na mzee. Juu yao ukuta wa udongo ulikuwa umejaa tumbo, umevimba kuelekea kwao. Alisikia sauti ndogo kutoka ndani yake, ya kitu kinachokatika nyuzi moja moja. Ng'ombe waliisikia pia. Wakaanza kusukumana, macho meupe, na watano wakapita mlangoni kwa kishindo wakikaribia kuwaangusha.

Kisha mvua yote ikashuka kwa pamoja, na tuta likafuata.

Halikuanguka kama alivyokuwa akiliogopa usiku na mchana. Lilitembea. Lilikuja likiwa limesimama, lina nyasi juu yake, ndipo likakunjika. Yasinta akamshika mzee mkono akamvuta. Walikimbia hatua sita, labda saba. Mzee akajikwaa. Tope likawafikia, likamgonga Yasinta nyuma ya magoti, likampandia kiunoni, zito, likimvuta kama lina mikono. Aliushikilia mkono wa mzee kwa mikono yake miwili na kufumba macho. Alichowaza wakati huo ni kwamba analijua tope hili, tabaka kwa tabaka, na jina lake liko kwenye kila moja.

Likasimama. Aliposhtuka, Joel na wenzake walikuwa wanakuja na koleo na mbao, wakiita jina lake. Walimtoa yeye kwanza. Mzee Gerson alitolewa baada ya nusu saa, mguu umevunjika mahali pawili, akiuliza ng'ombe wangapi wametoka. Walikuwa watano kati ya kumi na wanne. Jiko la Evarista na vyumba viwili havikuonekana tena. Hakuna mtu aliyekufa.

Kamati ya uchunguzi iliundwa. Stanley alisema jina lake haliko kwenye fomu hata moja, na hilo lilikuwa kweli. Joel alieleza habari za korongo na visiki, akapoteza kazi. Yasinta alipoulizwa, aliomba zile fomu nne, akaonyesha kila saini yake kwa kidole, akasema ni za uongo, na aliyeandika ni yeye. Walimsimamisha kazi wakati uchunguzi unaendelea.

Wiki ya pili alikwenda hospitali kumwona mzee Gerson. Evarista alikuwepo, amekaa kando ya kitanda akimenya chungwa. Alimwitikia salamu, akampa nafasi ya kukaa, akaendelea kumenya. Nje ya dirisha kulikuwa kumetanda tena.

Mzee akauliza, "Na lile tuta jingine la upande wa kaskazini? Ambalo halijaanguka. Kule kuna kaya nane."

"Lile nililipima, babu. Kila tabaka, kwa mikono yangu. Liko imara."

Ilikuwa kweli tupu. Alikumbuka hata jua la siku hizo, na vumbi, na mizani juu ya meza ya mbao.

Mzee alimtazama usoni, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Evarista, ukitoka hapa pita kule kaskazini. Waambie wahame leo, kabla mvua haijaanza."

Evarista akaliweka chungwa kando, akafunga kanga yake, akaondoka. Yasinta alibaki ameketi, akisikiliza ngurumo ya kwanza upande wa Ihumwa.