Nyuki wa Koti la Silasi

Hapana, uchawi haukuwamo. Silasi alikuwa na kisukari tu, nyuki wakahamia kwenye koti lake. Mwaka ule sukari haionekani madukani, sisi tumehamishiwa kijiji kipya hapa njia ya Kwihara, basi na nyuki nao wakahama. Waliingia kwapa la kushoto. Koti lenyewe alipewa na mchungaji, yule aliyekuwa na baiskeli... hayo tuyaache.

Silasi alijua kuishi na maradhi yake. Asubuhi anajichoma sindano. Chupa ya dawa inakaa ndani ya mtungi ipate ubaridi. Anakula kwa saa, ugali wa mtama kidogo, mlenda mwingi. Jioni mkewe Pelagia anamkagua nyayo kama mtu anayenunua ng'ombe. Akijichoma vizuri, asali inatoka kijiko kimoja. Dawa ilipokwisha, akawa anakunywa maji ndoo nzima, na asali ikajaa kibuyu.

Hapo ndipo kamati ya kijiji ilipoanza kumpenda.

Siku zile huendi mjini bila barua ya mwenyekiti. Pelagia akaenda kwake, kwa mzee Abbasi.

"Shikamoo mwenyekiti. Naomba barua, mwenzangu akachukue dawa Tabora."

"Marahaba, mama. Mnyamwezi mzima wewe, umeona wapi mzinga wenye nyuki unahamishwa kabla ya kurinwa?"

"Yule si mzinga, ni mume wangu."

"Sasa ni wa kijiji. Alhamisi wanakuja wageni wa wilaya. Chai wanywe na nini, magadi?"

"Macho yake hayaoni vizuri."

"Nyuki wanaona."

Alhamisi wageni wakaja. Hotuba zilianza asubuhi, saa tisa bado wanahutubia juu ya kujitegemea. Silasi kasimamishwa juani na kibao kifuani: MRADI NAMBA MOJA. Mgeni mkubwa akachungulia kwapani, akauliza kwa nini vijiji vingine havina mtu kama huyu. Mwenyekiti akasema tunajitahidi.

Silasi akanyoosha mkono. "Ndugu mgeni, naomba barua ya kwenda hospitali."

Mgeni akamsifu sana kwa kusema wazi. Ombi, akasema, litajadiliwa maua yakishapukutika porini. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Ndipo chakula kikaletwa, wali na kuku, tukakaa wote mkekani. Pelagia akamwekea Silasi mlenda wake na ugali kiasi cha ngumi, akamshika mkono akauelekeza, maana sahani alikuwa haioni tena. Mwenyekiti akamwomba asogee kidogo, upande wa birika. Akasogea, tukapitishiana vikombe. Chai ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.