Koti la Akaunti Kuu

Rula aliitwa kwa bosi saa tatu asubuhi, na pale ofisini hakuna aliyewahi kuitwa kwa bosi saa tatu kwenda kusifiwa. Alikuwa mchora ramani, mrefu, mwembamba, amenyooka, jina lilimwenea.

"Folda ya daraja haipo kwenye seva," bosi alisema. "Kazi ya miezi mitano! Ijumaa wewe ndiye uliyetoka mwisho. Mpaka saa sita nataka barua ya maelezo, la sivyo mimi nitakuandikia ya kukuachisha kazi."

Ajitetee vipi? Kwa miaka mingi nywila ya akaunti kuu, ile inayoweza kufanya lolote kwenye seva, ilikuwa imebandikwa kwenye kikaratasi kando ya printa kama ratiba ya zamu, kila mtu akaikariri. Aliyefuta angeweza kuwa yeyote, na leo yeyote huyo alikuwa Rula.

Akakimbilia chumba cha seva kwa Bi Nukta, mtunza seva, mama mfupi asiyevua sweta kwa sababu ya baridi ya mle ndani. Mwezi uliopita ndiye aliyekibandua kile kikaratasi. Akaamuru kila mtu aingie kwa akaunti yake kwanza, ndipo avae akaunti kuu akiihitaji. Kisha akaiagiza seva imnukuu kwenye orodha kila anayebadili au kufuta kitu kwenye folda za ramani, basi. "Tukinukuu mpaka chafya," alisema, "siku ya shida tutasoma mafua matupu." Watu walimcheka hadi mbavu zikauma. Rula ndiye aliyeuliza kama seva itanukuu na wanaokwenda msalani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Enhe, habari za msalani?"

Rula akatazama viatu vyake. Alipomaliza kueleza, bosi naye alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

Bi Nukta akaandika amri moja, ile orodha ikatokea kwenye skrini. Mstari wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe: tarehe tatu, alifuta ramani ya mtaro kimakosa.

"Mbona hukuuondoa?" bosi akashangaa.

"Siwezi. Nakala inakwenda papo hapo kwenye mashine ya makao makuu, na ufunguo wake sina. Nilitaka iwe hivyo." Akaiteremsha orodha. "Hii hapa. Jumamosi, saa tano asubuhi, akaunti kuu."

"Si unaona? Akaunti kuu! Ni mtu yeyote!"

"Akaunti kuu ni koti, baba. Namba ya aliyelivaa haibanduki." Akaiwekea kidole: elfu moja na nne.

Rula alikuwa elfu moja na kumi na moja. Bosi akaisoma ile namba, akaisoma tena, mikono ikashuka kutoka kiunoni yenyewe.

"Jumamosi nilikuwa natafuta nafasi kwenye diski," alisema polepole. "Nilidhani nafuta ya mwaka juzi."

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Bi Nukta alisema tu, "Nakala ya akiba ya Ijumaa ipo. Dakika kumi, folda imerudi."

"Na mstari wangu?" bosi akauliza.

"Utakaa chini ya wangu. Hautakuwa mpweke."

Bosi akamwomba Rula radhi, kwa sauti ya kusikika hadi korido, akaondoka. Rula alibaki amesimama.

"Mama, na mimi nimo humo?"

"Umo mara mia mbili na sita. Unachora, unahifadhi, unachora, unahifadhi. Ijumaa hadi saa kumi na mbili na nusu, wenzako wameshaondoka zamani." Akavuta sweta. "Ulidhani haikuonekana?"

Rula akatoka mlangoni ameinama asigonge kichwa. Urefu ulikuwa umeongezeka.